Bodi Haiungui Bila Sababu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na fundi mmoja wa karakana ya simu na ishara za reli. Yachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Tumeombwa na Halmashauri ya tawi tuseme habari za kutengeneza bodi zilizoharibika za vyombo vya zamani: redio, vikuza sauti, mitambo ya simu, na vinginevyo vilivyoundwa kabla wengi wetu hatujazaliwa na ambavyo bado vyafanya kazi. Tumekubali kwa furaha, lakini twataka mjue mapema kwamba hatukuja hapa kama maprofesa. Sisi ni mafundi wa mkono. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na mengine yote tuliyafunzwa na wazee mezani, chuma cha kulehemu kikiwa moto. Basi tutasema kama mafundi wasemavyo, na asiyeelewa anyanyue mkono.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la kulehemu linaletwa katika mkutano wa chama. Sababu ni hii. Chombo cha zamani kikizimika, kwanza husemwa kimekufa. Halafu huandikwa katika orodha ya vyuma chakavu. Halafu, baada ya miezi michache, huulizwa: na yule fundi aliyekuwa akikitunza, ana kazi gani tena? Tumeyaona hayo kwa macho. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, iliuza rundo la bodi kwa kilo kama mtu auzavyo misumari yenye kutu. Kabla hazijachukuliwa tuliomba ruhusa tuzitazame chache. Nyingi katika hizo chache zilikuwa na kapasita zilizokauka tu, ugonjwa ambao mwanagenzi wa mwaka wa pili huutibu kabla ya chakula cha mchana. Ziliuzwa vivyo hivyo.

Sasa tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Zamani ndani ya redio hamkuwa na bodi. Waya moja ilitoka hapa ikaenda kule, nyingine ikapita juu yake, na kila kiungo kililehemiwa kwa mkono, mpaka ndani ya sanduku kukawa kama kiota cha ndege. Mwaka 1936 mhandisi mmoja mzaliwa wa Vienna, Paul Eisler, aliyekuwa amekimbilia Uingereza, alitengeneza huko London redio ambayo badala ya nyaya ilikuwa na njia za shaba zilizobandikwa juu ya ubao. Wakati ule watu wengi hawakumsikiliza. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoipa bodi nafasi yake, maana Wamarekani walitaka redio ndogo za kulipulia makombora hewani, na nyaya za mkono hazikufaa kwa kazi ile. Vita vilipokwisha bodi ikaingia katika redio za nyumbani. Transista nayo ilikwisha kupatikana Marekani katika Desemba 1947, na redio ndogo ya kwanza ya transista ikauzwa madukani huko mwaka 1954. Hivyo viwili, bodi na transista, ndivyo vilivyoleta redio ya kubeba mkononi mpaka vijijini kwetu.

Njia ya shaba juu ya bodi ya kawaida ina unene wa sehemu 35 za elfu moja ya milimita, karibu nusu ya unywele wa mtu. Sisi watu wa reli twaelewa upesi maana yake. Treni hupita penye njia tu. Reli ikikatika mahali pamoja, hata kama pengo ni dogo, treni haifiki, na kuipaka injini rangi mpya hakutasaidia kitu. Mafundi wengi hubadili injini wakati ufa uko njiani.

Tena kuna bodi za namna mbili mtakazokutana nazo. Ile ya kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa pamoja na gundi ngumu. Ni rahisi, hunywa unyevu, huvunjika pembeni, na shaba yake hubanduka ukiipa moto mwingi. Ile ya kijani, au yenye rangi ya maji ya chai hafifu, ni nyuzi za kioo na gundi. Hiyo ni shupavu zaidi. Vyombo vingi vya zamani tulivyo navyo ni vya kahawia. Mshike kama mshikavyo kitabu cha babu.

Kabla hatujagusa chochote twaomba kimya kidogo, maana neno hili limewazika watu. Stima ya ukutani kwetu ni volti 240. Ikigeuzwa na dayodi na kuwekwa katika kapasita, hufika karibu volti 340, na vikuza sauti vya taa za kioo vya zamani huwa na volti 300 na zaidi. Kapasita ni kama mtungi: ukichomoa plagi, maji hayamwagiki, yamo ndani yakikungoja. Msimwage mtungi huo kwa bisibisi kama tuonavyo vijana wakifanya kwa kujisifu. Cheche ile huharibu kapasita, huyeyusha njia, na siku moja itarukia jicho. Chukua rezista ya ohmu 1,000 yenye nguvu ya wati 10, ifunge nyaya mbili zenye ngozi nzuri, gusisha miguu miwili ya kapasita, hesabu polepole mpaka kumi, kisha pima kwa mita. Mita isiposoma karibu na sifuri, rudia. Na chombo kikiwa na moto, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Asifanye kazi ya volti kubwa mtu aliye peke yake chumbani. Msimamizi akikwambia hakuna wa kukaa nawe, basi hiyo ni habari ya kumpelekea katibu wa tawi siku ile ile.

Televisheni za zamani zenye kioo kirefu kama tumbo, hizo hatuzisemi leo. Za rangi zina volti kama 25,000 nyuma ya kioo. Mwanagenzi asiziguse.

Basi chombo kimeletwa. Jambo la kwanza si mita wala chuma cha kulehemu, ni macho, pua, na masikio ya kumsikiliza mwenyewe. Kilizimika ghafula au polepole? Kilinuka? Kilinyeshewa? Kuna mtu aliyekifungua kabla yetu? Swali hili la mwisho ndilo bora kuliko yote, na ndilo watu hulikwepa. Kisha twatazama fyuzi. Mara nyingi utakuta imefungwa kwa waya, au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliyokatika ni mlinzi aliyekufa akifanya kazi yake, na anayeweka waya mahali pake amemfukuza mlinzi na kumfungulia mwizi mlango.

Tuwape mfano mmoja kwa urefu, maana ndio wenye faida nyingi. Tuliletewa kikuza sauti cha kuwatangazia abiria, cha miaka ya 1970, kizito, chenye bodi ya kahawia na transista mbili kubwa aina ya 2N3055, zile za kopo la chuma lenye matundu mawili ya skrubu. Kilikuja na karatasi iliyofungwa kwa kamba, na juu yake habari zake zote: kimeungua, kimetengenezwa, kimeungua tena baada ya majuma mawili, kimetengenezwa tena, kimeungua mara ya tatu, kitupwe. Fundi wa nje aliyekishika mara zile mbili alibadili transista na fyuzi, akalipwa, akaenda zake.

Hatukukiwasha. Tulikifungua na kukiweka mwangani. Penye fyuzi palikuwa na waya wa shaba. Rezista mbili kubwa nyeupe zilikuwa zimelala juu ya bodi kabisa, moja imepasuka, na chini yake bodi ilikuwa nyeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni. Tukapima transista. Kopo lenyewe ndilo mguu wa kolekta. Ukipima kutoka kopo mpaka mguu wa emita na mita ikasoma karibu na sifuri, transista imekufa. Zote mbili zilikuwa zimekufa.

Hapa ndipo fundi yule wa nje aliposimama mara mbili, na hapa ndipo kazi inapoanza. Rezista iliyopasuka si mwizi. Ni mtu aliyeibiwa. Transista nazo ziliuawa. Nani aliyeziua? Tukatazama vipande vya maika vinavyotenga makopo na bamba la kupoza: vilikuwa vizima. Dayodi zilikuwa nzima, kila moja ikisoma kama volti 0.6 upande mmoja na kukataa upande wa pili, kama ipasavyo dayodi ya silikoni. Spika ilikuwa nzima. Mwisho tukafika kwenye rezista ndogo ya kugeuza kwa bisibisi, ndogo kama kifungo cha shati. Kazi yake ni kuziamuru transista zile kubwa zinywe umeme kiasi gani wakati hakuna mtu anayesema. Ulimi wake ulikuwa umeshika kutu, nao haukugusa tena njia yake. Na kwa jinsi kile chombo kilivyofungwa, ulimi ukiachia, transista hupata amri ya kufungua mlango wote. Zikafungua. Zikapata moto, zikafa, zikaua na rezista, na bodi ikaungua chini yao.

Mnaona sasa ilivyokuwa mara mbili za kwanza. Ile kazi ya kufungua na kufunga iliutikisa ulimi ukashika kidogo. Kikuza sauti kikaimba majuma mawili. Kisha vumbi, unyevu, na mtikisiko wa treni zipitazo vikauachisha tena. Kila mara tajiri alinunua transista mbili, na kitu kilichoziua, cha bei ndogo kuliko zote, kikabaki ndani.

Twende kwenye kutengeneza. Penye weusi hatukupaka kitu juu. Bodi iliyoungua ni makaa, na makaa hupitisha umeme. Ukiyaacha, umeme utatafuta njia ndani yake, nayo yataendelea kuungua hata chombo kikiwa kizima kwa mengine yote. Kwangua mpaka uone bodi safi, hata kama utabaki na tundu. Tukakwangua, tukasafisha kwa alkoholi safi na brashi ya meno, tukajaza tundu kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa, tukaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi tukatoboa matundu mapya kwa kekee ndogo, tukaweka nyaya mahali pa njia zilizokuwa zimekwisha. Rezista kubwa mpya tukaziinua juu ya bodi karibu sentimita moja, ili hewa ipite chini. Ilikuwa yafaa ziwekwe hivyo tangu kiwandani. Tukaweka rezista mpya ya kugeuza, na transista mpya.

Kisha taa. Kila karakana yapasa kuwa nayo: balbu ya uzi, wati 60 au 100, iliyofungwa ndani ya sanduku lake kwa namna kwamba umeme wa chombo hauna budi kupita ndani yake kwanza. Chombo kikiwa na kosa kubwa, balbu huwaka kwa nguvu zote na kula ule umeme, wala bodi haidhuriki. Chombo kikiwa kizima, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Hizi balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii hata kidogo, na zile za uzi zimekuwa adimu; mwenye nazo azitunze. Ya kwetu iling'aa, ikafifia. Tukatoa taa, tukapima juu ya ile rezista kubwa ya ohmu 0.47, tukageuza polepole mpaka tukapata milivolti 10, ndiyo kusema milliampia 21 hivi. Hicho ni kipimo cha chombo kile; kila chombo kina chake, na mchoro wake ndio usemao. Tukakiacha kinawaka saa nzima tukipima tena na tena. Kilirudi kazini.

Tumesema mchoro. Zamani kiwanda kilikuwa kikibandika mchoro wa saketi ndani ya mfuniko, au kukiweka kitabu chake pamoja na chombo. Sasa vitabu vile viko wapi? Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimefungiwa kabatini na mtu ambaye hajui kuvisoma wala hataki kumpa anayejua. Sisi tulianza kunakili kwa mkono kila mchoro tunaouona, na pale pasipo na mchoro twachora wenyewe kwa kufuata njia za shaba kwa macho. Chombo cha spika mbili kina faida hapa, maana nusu moja ni pacha wa nusu ya pili: plagi ikiwa imechomolewa, pima ohmu upande mzima, pima mahali pale pale upande mgonjwa, na penye tofauti ndipo pa kuchimba. Hata rezista iliyoungua mpaka rangi zake zikapotea, pacha wake atakuambia thamani yake. Manjano, zambarau, nyekundu: ohmu 4,700. Vijana wajifunze rangi hizo kumi kama tulivyojifunza kuhesabu.

Kuhusu kapasita tulizozitaja mwanzoni. Zile za mviringo kama kopo dogo zina karatasi iliyoloweshwa dawa, imeviringishwa pamoja na bati jembamba la alumini. Dawa hiyo hukauka, na joto ndilo linaloikausha. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza joto digrii 10, umri huongezeka mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 85, ukiiweka penye digrii 45 itafika kama saa 32,000. Kwa chombo kinachowashwa saa 8 kila siku, hiyo ni miaka kumi na moja hivi. Sasa fikirini chombo cha mwaka 1975. Si ajabu kuwa kinanguruma. Ajabu ni kwamba bado chasema. Sauti ya mngurumo mzito usiokoma, hata ukishusha sauti mpaka mwisho, mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme. Tazama kama kichwa kimevimba au chini pana unyevu wa kahawia, lakini usidanganywe na iliyo safi kwa nje, maana nyingine hufa bila dalili. Unapobadili, weka kiasi kile kile, volti ile ile au zaidi, na chagua zilizoandikwa digrii 105. Mstari ulio ubavuni waonyesha mguu wa kutoa. Ukiigeuza, itapasuka usoni pako.

Mahali pa kununua mnapajua. Barabara ya Luthuli, Nairobi, ina karibu kila kitu, na ina bandia vilevile. Transista ile 2N3055 ni ya wati 115 kwa maandishi ya kiwandani, lakini tumepasua makopo tukakuta ndani kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Bei ikiwa ya ajabu, na kitu ni cha ajabu. Kwa hiyo bodi zilizokufa kabisa hatuzitupi. Tunazing'oa vipuri vizuri na kuvipima na kuviandika. Ila kapasita kuukuu za kopo, hizo hatuziokoti. Ni sawa na kuazima miwani ya marehemu.

Betri zilizovuja zina mambo yake, na hapa watu wengi hukosea dawa. Betri za alkali, na zile ndogo za nikeli na kadmi zilizolehemiwa juu ya bodi, huvuja kitu kikali cha jamii ya magadi. Dawa yake ni ukali wa upande wa pili: siki, au maji ya ndimu, kidogo kwa pamba, kisha maji safi, kisha alkoholi, kisha kukausha. Lakini betri ya gari huvuja asidi, na hiyo huzimwa kwa magadi ya kupikia yaliyokorogwa katika maji. Betri rahisi za tochi za zamani nazo ni za upande huo wa asidi, ingawa si kali sana. Ukiweka siki juu ya asidi umemwongezea mgonjwa ugonjwa. Na hata baada ya kusafisha, kutu ya kijani hutambaa chini ya rangi ya bodi kama mchwa chini ya zulia. Fuata njia mpaka uione shaba nyekundu inayong'aa. Wenzetu wa Mombasa, wenye hewa ya chumvi, wanaijua kutu hii kuliko sisi wa bara.

Njia iliyokatika hutengenezwa hivi. Usiweke lehemu peke yake juu ya ufa. Lehemu ni laini, bodi ikitikisika hukatika tena, nawe utaulaumu ufa mwingine. Ikiwa bodi yenyewe imepasuka, kwanza unga kwa ile gundi ya mirija miwili, uiache ikauke. Kwangua rangi pande zote mbili za ufa mpaka uone shaba, ipake lehemu nyembamba, kisha laza kipande cha waya juu yake, hata mguu uliokatwa wa rezista wafaa, na kulehemu urefu wake wote. Pima. Ipinde bodi kidogo sana huku ukipima. Kadhalika tazama viungo vya vitu vizito, kama transfoma na soketi: mara nyingi kuna duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, kiungo kilichopasuka kwa mtikisiko. Kwenye vyombo vya reli ugonjwa huu ni wa kila siku. Chombo cha volti ndogo kikiwa kinawaka, gonga polepole kwa kijiti kikavu. Penye kugonga na sauti ikakatika, hapo hapo.

Na moto wa chuma uwe wa kiasi. Lehemu ya zamani, bati 63 na risasi 37 kwa mia, huyeyuka kwa digrii 183. Lehemu mpya isiyo na risasi, ambayo nchi za Ulaya ziliilazimisha kwa vyombo vingi tangu Julai 1, 2006, hutaka digrii 217 na zaidi. Bodi ya kahawia haiupendi moto huo. Sisi kwa vyombo vya zamani twatumia ile ya zamani, ncha kwenye digrii 320 hivi, sekunde mbili au tatu, basi. Ikikataa, ondoa chuma, ngoja ipoe, ongeza utomvu wa kulehemia, ujaribu tena.

Lakini risasi ni sumu, na chama hakiwezi kunyamaza juu yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu ya wakubwa na watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya huko iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, rufani ikafuata, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri ile. Sisi hatuyeyushi tani za risasi, na kwa moto wa chuma cha kulehemu risasi haigeuki kuwa moshi wa kutisha. Moshi muonao ni wa utomvu, nao huleta pumu. Risasi yenyewe hupita mikononi kwenda mdomoni, pamoja na chapati na sigara. Basi meza ya kulehemia si meza ya kulia. Feni ya kuvuta moshi, maji na sabuni, si zawadi ya mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka ahakikishe afya ya mfanyakazi awapo kazini. Karakana isiyo na bomba la kunawia iandikwe jina lake, tupewe.

Tuliulizwa na mzee mmoja kama kila bodi yafaa kutengenezwa. La, mzee wetu. Iliyoungua mpaka katikati, iliyolala ndani ya maji ya mafuriko miezi mitatu, na ile ambayo kipande chake kikuu hakipatikani tena duniani, hizo ni za kung'oa vipuri. Na kuna wakati siku mbili za mshahara wa fundi zazidi bei ya chombo kipya. Hapo tuseme kweli, maana fundi anayeng'ang'ania kila kitu haaminiwi tena. Tunalolikataa ni uamuzi kutolewa na mtu ambaye hakufungua mfuniko. Halmashauri imekubali kupeleka ombi kwamba chombo chochote cha karakana yetu kisiandikwe chakavu mpaka fundi akipime na kutia sahihi sababu yake, na kwamba kila mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu awekewe mwanagenzi kando yake. Mwaka uliopita wazee wawili walituaga. Tuliwapa saa za ukutani na soda. Yale waliyoyajua juu ya mitambo ya simu hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo tumefungua daftari. Liko kwa Ndugu Katibu, la jalada jeusi. Kila anayetengeneza bodi aandike chombo, dalili, kilichokutwa kimekufa, na kilichokiua. Hayo mawili ya mwisho yaandikwe mbalimbali. Kiswahili cha kawaida chatosha, na mchoro wa kalamu ya risasi.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tutakuwa hapa ukumbini na ile sanduku yenye balbu, mita mbili na vyuma vitatu. Mwenye redio ya zamani iliyozimika nyumbani ailete, tuifungue mbele ya wote. Mje na brashi ya meno kuukuu na kitambaa. Televisheni ziacheni nyumbani.